Sili mchangani, kaiti hewani: nani ampishe mwenzake?

Mwezi Juni 2024 maafisa wa mifugo wa Afrika Kusini walithibitisha kichaa cha mbwa kwa sili wa Cape Town, na tangu hapo mabishano ya fukwe za Blouberg jijini humo yamebadilika sura. Zamani watu wa kaiti, yaani wanaoteleza majini kwa ubao wakivutwa na tiara kubwa, na watetezi wa wanyama walivutana juu ya adabu tu: nani alimsogelea sili, nani alimwamsha. Sasa wapo wanaotaka kila sili anayepanda mchangani aondolewe kwa kuwa ni hatari kwa watu. Wapo pia wanaotaka kaiti zishushwe papo hapo sili anapoonekana, na ufukwe ufungwe mpaka arudi majini. Kundi la kwanza linasikika zaidi, wala si ajabu. Kichaa kikishaonyesha dalili hakina dawa, na hofu yake haihitaji kuchochewa. Ila hofu hiyo imewafanya wengi wamhukumu sili aliyelala kwa makosa ya sili mgonjwa, na tabia za hao wawili ziko mbali kama mashariki na magharibi.

Tuanze na mwenyeji. Huyu ni sili wa manyoya wa Rasi, anayeishi kuanzia kusini mwa Angola, pwani yote ya Namibia, hadi Afrika Kusini, na jumla yao hukadiriwa kuwa kama milioni 2. Dume mkubwa hupita kilo 200. Jike ni mdogo mno kwake, kilo 50 hadi 70 hivi. Hajikokoti kwa tumbo kama sili wa bahari za kaskazini. Huyageuza mapezi yake ya nyuma yakaelekea mbele, akatembea kwa yote manne, na anayedhani atamshinda mbio kwenye mawe atashangaa. Hupanda nchi kavu kupumzika baada ya kuwinda, kujikausha, kubadili manyoya, na wale wadogo walioachishwa ziwa hupanda kwa uchovu tu. Anaweza kulala saa nyingi bila kujitikisa. Kulala huko si ugonjwa. Hahitaji kumwagiwa maji, wala kufunikwa taulo, wala kusukumwa baharini na mtu mwenye huruma. Maji ya Blouberg majira ya kaiti huwa nyuzijoto 12 hadi 16, na sili mdogo aliyekonda akirudishwa humo anapoteza joto lile lile alilopandia kulitafuta.

Sili mzima wa afya akikerwa hutoa onyo, na hulitoa kwa ngazi. Kwanza huinua shingo na kukukazia macho. Kisha hufungua mdomo na kunguruma. Halafu hukujia hatua mbili tatu na kusimama. Ukimwachia njia ya baharini, ataichukua. Anayeng'atwa na sili mzima mara nyingi ni yule aliyesimama kati yake na maji, au aliyeinama karibu kupiga picha, au aliyemwachia mbwa wake abweke puani pa mnyama. Sili mwenye kichaa hafuati ngazi hizo. Huja bila kuchokozwa, hufuata mtu akiondoka, hung'ata ubao, mbwa, chochote kilicho mbele yake, na pengine ana majeraha usoni ya kupigana. Kwa hiyo swali la umbali linamhusu sili mzima, ambaye ndiye wengi wanayekutana naye. Mgonjwa ni kazi ya daktari wa mifugo, na huyo lazima aitwe mara moja.

Virusi waliokutwa kwa sili hao wanafanana na wale wa bweha wenye mgongo mweusi, wanyama wanaozurura kwenye makoloni ya sili ya Namibia. Watafiti walipofungua sampuli za ubongo zilizokuwa zimehifadhiwa, walikuta ugonjwa ulikuwapo tangu 2022. Kabla ya hapo ulimwengu ulikuwa na kumbukumbu ya sili mmoja tu mwenye kichaa, kule Svalbard mwaka 1980. Tafakari kidogo maana ya mwaka huo 2022. Watu wa kaiti waligawana mchanga na sili, baadhi yao wagonjwa, kwa muda mrefu kabla ya tangazo lolote. Msimu wa kwanza baada ya tangazo ndio kelele za kuwaondoa zikapanda. Kilichobadilika ni habari tuliyonayo.

Na kumwondoa ni nini hasa? Ni watu kadhaa wenye ngao na nyavu kumzunguka mnyama aliyelala, kumwamsha, kumziba njia ya bahari na kumpakia. Yaani kila jambo ambalo wanaoogelea wanaambiwa wasilifanye. Ukimhamisha mzima, anaogelea na kurudi. Ukimhamisha aliyeambukizwa lakini hajaonyesha dalili, umeupa ugonjwa usafiri wa bure. Isitoshe sheria ya mwaka 1973 ya kulinda ndege wa baharini na sili haimpi mtu binafsi ruhusa ya kumfukuza wala kumgusa, na uvunaji wa kibiashara wa sili ulisimamishwa nchini humo mwaka 1990. Hoja ya kuwaondoa ina nguvu kwa kundi moja tu, nalo ni sili anayeshambulia bila sababu. Huyo huuawa na madaktari, na hapa baadhi ya wapenzi wa wanyama wanakosea wanapopiga kelele. Kipimo cha kichaa cha mnyama kinahitaji ubongo wake. Hakuna tone la damu litakalokupa jibu la kuaminika akiwa hai, na mtu aliyeng'atwa asubuhi hawezi kukaa kusubiri sili afe kwa wakati wake.

Sasa tuje kwenye umbali, maana hapo ndipo watu wa kaiti wanapojidanganya, na ndipo suluhisho lilipo.

Miongozo ya umbali imeandikwa kwa ajili ya mtu anayetembea kwa miguu. Mtu wa kaiti ana mkono mrefu kuliko huo. Kamba za kaiti ya kawaida zina urefu wa mita 20 hadi 24, na kaiti yenyewe ikishajazwa upepo ina upana wa mita kadhaa. Ukisimama mita 30 kutoka kwa sili aliye upande wa demani, yaani unakoelekea upepo, wewe umetulia na dhamiri yako imetulia, lakini ncha ya kaiti yako inaweza kufika mita 6 kutoka puani pake, pengine pungufu. Kivuli kinampita, kitambaa kinapigapiga, na yeye haoni mita 30 zako. Anaona kitu kikubwa chenye mabawa juu ya kichwa.

Mbaya zaidi, mbinu sahihi ya kurusha ndiyo inayoipeleka kaiti upande wake. Blouberg upepo wa kusini-mashariki, ule wa Novemba hadi Machi, hupita sambamba na ufukwe ukielekea kaskazini. Mchezaji husimama juu mchangani na msaidizi hushika kaiti upande wa maji, ili mvuto ukija ghafla umtupe baharini badala ya kumtupa kwenye maegesho. Sili naye hulala karibu na mstari wa maji. Hivyo kamba zinanyooka kati ya mnyama na bahari yake, au juu yake moja kwa moja. Akiamka na kukimbilia majini, anazipitia. Kamba hizo ni nyembamba, kila moja hubeba zaidi ya kilo 200 kabla ya kukatika, na zikiwa zimekazwa hukata ngozi, iwe ya mtu au ya sili.

Halafu kuna siku inapoharibika. Kaiti imepandishwa kwa pembe mbovu, ikaingia katikati ya dirisha la upepo, yaani pale inapovuta kwa nguvu zake zote, mchezaji akaburutwa hatua kumi na tano kabla ya kupiga kifyatulio cha dharura. Kifyatulio kikifanya kazi yake, kaiti inapoteza nguvu na kuangukia demani, ikining'inia kwenye kamba moja. Jumlisha: mita 24 za kamba, mita za kuburutwa, upana wa kaiti. Unafika mita 40 na ushee. Ndiyo maana shule za kaiti hufundisha tangu siku ya kwanza kwamba demani yako pawe na nafasi tupu ya urefu wa kamba mara mbili. Mara mbili ya 24 ni 48. Mamlaka ya bahari ya Marekani, NOAA, inashauri mtu asimkaribie sili chini ya yadi 50, ambazo ni takriban mita 45. Tofauti kati ya kanuni ya usalama wa kaiti na kanuni ya heshima kwa sili ni mita 3!

Anayelalamika kwamba mita 45 ni nyingi mno kwa ajili ya mnyama mmoja anasema, bila kujua, kwamba sili anastahili nafasi ndogo kuliko nguzo ya taa. Nguzo anaikwepa kwa mita 48 bila manung'uniko, kwa sababu nguzo haisogei na itamvunja mbavu. Sili anasogea, na ana meno.

Eneo lenyewe pia ni dogo kuliko linavyoogopwa. Kaiti haiwezi kuruka joshini kwa mchezaji, yaani upande unakotoka upepo. Duara la hatari kwa hiyo ni nusu duara: lenye nusu kipenyo cha mita 24, ni kama mita za mraba 900, si 1,800 za duara zima. Ukijipanga sili awe joshini kwako, kaiti yako haitampita hata mambo yakiharibika, na kinachobaki ni umbali wa watu na mazungumzo yao. Kwenye ufukwe wa kilomita kadhaa, hilo ni suala la kubeba vifaa mita mia moja kaskazini zaidi, kazi ya dakika tano. Bango mbili za mchangani zinazoonyesha mwanzo na mwisho wa nafasi hiyo zinatosha. Anayezisimika aanze na upande wa demani.

Upande wa kaiti nao una hoja zake, na mbili kati yake hazifai kupuuzwa. Ya kwanza ni bamvua. Maji yakijaa bamvua sehemu ya Table View, jirani na Blouberg, mchanga mkavu unabaki ukanda mwembamba, na sili mmoja katikati akipewa duara kamili la mita 45 pande zote, ukanda unazibwa. Aliyelipia wiki moja ya masomo, na upepo umekuja siku mbili tu, ana haki ya kukasirika. Jibu ni kusubiri maji yatoke au kuhamia ufukwe wa pili, na kweli hilo linamgharimu mtu. Ya pili ni ubaguzi. Ujerumani, kanuni za Aprili 2023 za Bahari ya Wadden ziliruhusu kaiti ndani ya hifadhi kwenye maeneo yaliyotengwa tu, ilhali mashua za watalii zinaendelea kupelekwa karibu na kingo za mchanga wanakolala sili. Mtu wa kaiti asiye na injini wala mafuta akiona hivyo huhisi ameonewa, na pengine ameonewa kweli. Pia ni watu wa kaiti, wanaokaa ufukweni kutwa nzima, ambao mara nyingi huwa wa kwanza kumwona sili mwenye kitanzi cha plastiki shingoni na kutoa taarifa. Jumba la samaki la Two Oceans bandarini Cape Town lina watu wanaovikata vitanzi hivyo. Hapohapo niongeze kwamba kipande cha kamba ya kaiti kilichokatika na kuachwa mchangani ni kitanzi kingine kinachosubiri shingo. Kiokotwe, kikatwe vipande vifupi, kitupwe nyumbani.

Ila hoja hizo mbili zinapinga kufungwa kwa ufukwe mzima. Hazipingi mita 45. Wanaozichanganya wanashinda mjadala ambao hakuna aliyeuanzisha.

Majini hali ni nyingine, kwa kuwa sili yuko nyumbani na ndiye anayekuja. Wengi ni wadogo wenye udadisi. Huzunguka, huchungulia, huondoka. Mchezaji anayekwenda kilomita 30 kwa saa hana shida naye. Shida huja ubao ukikutoka, ukabaki unajiburuta kwa kaiti kuurudia, mwili wote ndani ya maji, mwendo wa mtu anayetembea. Hapo usimpigie maji, usinyooshe mkono. Weka kaiti juu kabisa ya kichwa, kama mshale wa saa sita kamili, ili isikuvute, acha apite, kisha endelea na zigizaga zako. Ukishaupata ubao uweke kati yako na yeye. Akifuata kwa ukaidi au akiung'ata, acha kila kitu: elekeza kaiti ufukweni, toka, waambie wengine watoke. Watumiaji wa foili, yaani ubao wenye mlingoti na mabawa chini ya maji, wawe waangalifu zaidi ya wote. Mlingoti wa foili unazama sentimita 70 hadi 90, mabawa yake yana makali, na hausikiki. Palipo na sili wengi juu ya maji, foili ibaki mchangani siku hiyo.

Aliyeng'atwa afanye haya kwa mpangilio huu. Avue suti ya mpira atazame ngozi yenyewe, kwa sababu baridi hutia ganzi na jino linaweza kupenya suti likaacha tundu dogo lisilouma. Ngozi ikiwa imechubuka, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 zilizopimwa kwa saa, siyo kwa makisio. Virusi wa kichaa wana utando wa mafuta ambao sabuni huuvunja, na maji ya bahari matupu hayafanyi kazi hiyo. Jeraha lisishonwe kwa haraka. Kisha hospitali siku hiyo hiyo: chanjo siku ya 0, ya 3, ya 7 na ya 14, pamoja na kingamwili zinazodungwa ndani na kandokando ya jeraha. Damu kidogo haipunguzi ratiba. Kuna pia maambukizi ya bakteria yanayoitwa kidole cha sili, uvimbe mchungu unaoingia kwenye viungo vya vidole, ambao penisilini haiuponyi bali dawa za jamii ya tetrasaiklini kama doksisaiklini. Daktari asipoambiwa ni sili atatoa dawa aliyoizoea, na kidole kitaendelea kuvimba.

Kiungo kinachosahaulika katika mjadala wote huu ni mbwa. Mbwa wengi wa Blouberg huja na wenyewe, na mwenyewe akishapanda ubao, mbwa anabaki akirandaranda. Sili mgonjwa akimng'ata, ugonjwa umeingia sebuleni kwa watoto. Sheria ya Afrika Kusini inataka mbwa na paka wachanjwe, na chanjo hiyo hupatikana kwa urahisi. Kama kuna kitu kimoja cha kulazimisha kwenye fukwe za kaiti kabla ya kugusa sili, ni mbwa afungwe kamba na awe na cheti.

Ndege nao wapo. Wala-chaza weusi wa Kiafrika (African oystercatcher), wale wenye midomo myekundu, hutaga kwenye vishimo vya mchanga juu tu ya mstari wa maji makuu, na msimu wao wa kiangazi ni ule ule wa kaiti. Wanaotembea kurudi baada ya kushuka mbali demani wapite kwenye mchanga uliolowa. Langebaan, kilomita mia moja na kitu kaskazini, wamegawa ziwa lao la maji ya bahari kwa kanda: moja ya injini, moja ya tanga na kaiti, moja isiyoingiwa na mtu kabisa. Hakuna anayedai kwamba kaiti zimekufa Langebaan.

Kwetu Paje, Galu au Watamu hakuna sili, lakini hesabu ya urefu wa kamba mara mbili ni ile ile, na anayelala demani anaweza kuwa mama aliyeinama kwenye shamba lake la mwani maji yakiwa yametoka. Kasa anayekula majani ya bahari kwenye maji ya mita moja hana pa kuukwepea mlingoti wa foili wa sentimita 90.

Kwa walimu wanaokaa Cape Town msimu mzima, chanjo ya tahadhari ni dozi 2, siku ya 0 na ya 7. Aliyeipata akija kung'atwa anahitaji dozi 2 za nyongeza tu, bila zile kingamwili, ambazo ni ghali na hospitali nyingi hazinazo. Shule inayomtuma kijana kuwashikia wageni kaiti kandokando ya maji ndiyo inayopaswa kulipa, si yeye kutoka kwenye bakshishi zake. Na mgeni aliyeng'atwa Januari asihesabu kuwa amepona kwa kuwa kidonda kimefunga: kichaa mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu kujitokeza, pengine zaidi, na kufikia hapo atakuwa amesharudi Mombasa, Muscat au London. Akifika hospitali huko aseme mwenyewe kwamba aling'atwa na sili, na wapi, maana daktari wa zamu atauliza habari za mbwa, aambiwe hakuna, na kufunga faili.